Meno ya kahawia Njoro, meno yaliyooza Texas: je, niache dawa ya meno ya floraidi?

SWALI: Habari daktari. Mimi niko Njoro, huku Nakuru, Kenya, tunatumia maji ya kisima. Kijana wangu ana miaka 9 na meno yake yana mistari ya kahawia, shuleni wanamcheka mpaka siku hizi akicheka anaweka mkono mdomoni. Jirani ameniambia ni floraidi, niache kununua dawa ya meno na niwe nachemsha maji. Sasa dadangu anafanya kazi deikea huko Texas, watoto wengi ni wa Kilatino, wazazi wametoka Meksiko na Guatemala, anasema kuna katoto ka miaka 3 meno ya mbele yameisha yote imebaki vishina vyeusi, na huko ati wanaambiwa floraidi haitoshi. Tushike gani? Na Marekani na hospitali zote hizo, inakuwaje? – Mama Kevo

JIBU: Mama Kevo, hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Floraidi ni madini: kidogo inakinga jino lisioze, ikizidi kwa maji ya mtoto inaleta madoa. Meno ya Kevo hayajaoza, yamebadilika rangi. Miamba ya huku Bonde la Ufa ni ya volkano, inaachilia floraidi kwa maji, na visima vingi vya Nakuru vinapita ile 1.5 miligramu kwa lita ambayo WHO imeweka kama mwisho. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajiunda ndani ya ufizi, yanatoka tayari na madoa. Wewe mtu mzima ukihamia Njoro leo hayakupati, meno yako yalishamaliza kujiunda.

Kale katoto ka Texas nako meno yameoza kabisa, na kwa Walatino si kisa kimoja. Hesabu za serikali ya Marekani za 2015 na 2016 zilionyesha watoto na vijana wa miaka 2 hadi 19 wa Kilatino waliowahi kuoza meno ni asilimia 52, Wazungu 39. Damu haina makosa hapo. Familia nyingi zimetoka mahali maji ya mfereji hayanyweki, kwa hivo hata wakifika Marekani wananunua ya chupa, na ya chupa mara nyingi haina floraidi ya maana, na ile ya mfereji wanayoiogopa miji mingi huko inaongezewa floraidi kidogo, lengo ni miligramu 0.7 kwa lita, kazi iliyoanza mji wa Grand Rapids huko huko Marekani mwaka 1945. Ongeza chupa ya maziwa au juisi mtoto analala nayo usiku mzima (hiyo hata huku Nakuru tunafanya sana, tusijifanye).

Halafu kuna pesa, na mimi naona hapo ndipo kuna shida yenyewe. Watoto wa familia maskini wana bima ya serikali, Medicaid, inalipia meno, lakini inalipa madaktari kidogo hadi wengi wanaikataa. Mzazi bila makaratasi ya kuishi huko anaogopa kujaza fomu hata kama mtoto amezaliwa hapo hapo na ana haki, na anayelipwa kwa saa akienda kliniki siku hiyo hana kitu. Si unaona ni kama huku kwetu tu, jino linangoja mpaka shavu lifure ndio mtoto apelekwe, na akifika linang'olewa badala ya kuzibwa.

Sasa dawa ya meno usiache. Madoa yanatoka kwa maji anayomeza kila siku, na jino lenye madoa pia linaoza. Apige mswaki mara mbili, dawa ikiwa kadiri ya punje ya njegere, ateme, asimeze. Kama kuna mdogo chini ya miaka 3, yake ni kadiri ya punje ya mchele, na huyo muinue mdomo wa juu kila wiki uangalie karibu na ufizi, ukiona mstari mweupe kama chaki hapo kuoza kumeanza, mpeleke kabla kuwe shimo. Usiseme ni meno ya utoto yatang'oka, magego yake yanakaa mpaka miaka 10 hivi au 12.

Madoa ya Kevo yanaweza kupunguzwa na daktari wa meno, lakini mswaki hautayatoa hata asugue vipi. Na kuchemsha maji acha kabisa kama ni kwa ajili ya floraidi, manake maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale, unaizidisha. Tumia maji ya mvua kupika na kunywa hasa kwa yule mdogo, ama filta ya mkaa wa mifupa, zile ambazo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilifanyia kazi miaka mingi. Ukipata filta uliza mkaa unabadilishwa lini, ukichoka unapitisha floraidi yote na hutajua kwa kuonja.