Shangazi, nilisema "daktari" kwa sababu maiki ilikuwa mbele yangu

Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita mwezi uliopita, tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwetu ni Ukerewe. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo aliyenisomesha ni baba mdogo, ana duka la vipuri Mwanza mjini.

Siku ya mahafali yetu, kabla ya mitihani, mshereheshaji alikuwa anampa kila mhitimu maiki ataje jina lake, mafanikio aliyoyapata shuleni na anataka kuwa nani. Wenzangu walikuwa na vya kutaja. Mmoja ameongoza Kemia mkoa mzima, mwingine kaka mkuu, mwingine nahodha wa netiboli. Cheti changu mimi kilikuwa cha usafi wa bweni. Nikaona aibu, nikasema kwa sauti kubwa: "Mimi ni daktari mtarajiwa." Bibi akapiga vigelegele. Baba mdogo akaja mbele kunivisha shada, akamwambia mgeni rasmi kwamba nitasomea hapo hapo Mwanza, chuo cha udaktari cha Bugando, ili awe ananiona. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jina langu ni Dokta.

Shangazi, udaktari sijawahi kuutaka. Nataka sayansi ya chakula. Mama yangu anakausha dagaa. Mvua ikimkuta ameanika mchangani, mzigo unaharibika, anaishia kuuza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nilipokuwa kiranja wa chakula nilikuwa naandika magunia yanayoingia na kutoka stoo, ndipo tukagundua maharage yanaharibika kwa kuwekwa sakafuni, tukaomba chaga za kuyainua. Basi, mambo ya hivyo ndiyo nayapenda.

Fizikia ilinitoa jasho. Usiku naomba Mungu nipate S, alama isiyotosha kusomea udaktari, ili jambo liishe lenyewe bila mimi kusema kitu. Wiki ijayo naripoti JKT, kambi ya Rwamkoma mkoani Mara. Nifanyeje?

Dokta wa Uongo, Ukerewe

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, hata kama ni wa miaka mingi, na hongera kwa kumaliza.

Hiyo sala iache leo. Unajua kuliko mimi kwamba vyuo vikuu vinahesabu masomo yenye A mpaka E, na kwamba S haimo. Unatakiwa uwe na masomo mawili angalau ndipo upokelewe kusoma shahada. Ukiombea Fizikia ianguke, unabaki na Kemia na Biolojia, na hapo huna akiba hata moja. Kemia ikiteleza, hiyo sayansi ya chakula unayoitaka nayo imekwenda. Unaomba nyumba iungue ili usifagie uani.

Tena naona unachoomba hasa si S. Unaomba Baraza la Mitihani liende Mwanza likamwambie baba mdogo kwa niaba yako. Halitakwenda. Litatangaza matokeo, yawe yatakavyokuwa, na wewe utabaki na maneno yako kooni.

Ndiyo maana nakwambia useme kabla ya matokeo, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote nitakayokuandikia. Piga hesabu. Matokeo yakija mazuri, Fizikia ikawemo, halafu ndipo useme hutaki udaktari, ukoo mzima utaona binti amepewa bahati anaitupa. Watakutafutia mchawi, au mwanaume. Matokeo yakija mabaya, halafu ndipo useme tangu zamani ulikuwa unataka chakula, nani atakuamini? Watasema umefeli udaktari sasa unajifariji. Kwa sasa hakuna anayejua alama zako, wewe mwenyewe hujui. Neno lako lina uzito huu wiki hizi tu. Julai ikifika limeshapungua.

Kabla hujaenda kwake nina swali moja, nawe ulijibu ukiwa peke yako. Umechoka Fizikia, au hutaki udaktari? Ni mambo mawili. Mtu aliyetoka kwenye mtihani mgumu huchukia hata kitabu kilichokuwa mezani. Kama mwaka juzi, kabla Fizikia haijakutoa jasho, ulikuwa tayari unafikiria dagaa na maharage, basi jibu unalo. Barua yako inanifanya niamini unalo.

Sasa hayo mafanikio. Hapa umeniudhi kidogo. Ulipoandika ya wenzako ulitumia sentensi nzima nzima: Kemia, kaka mkuu, netiboli. Ulipofika kwenye yako ukaandika cheti cha usafi, ukapita. Halafu chini huko, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unaniambia ulikuwa unaandika magunia yanayoingia na kutoka stoo mpaka mkajua kwa nini maharage yanaharibika, mkaomba chaga. Mwanangu! Stoo ya shule ya bweni unaijua ilivyo. Ni mahali watu wazima wenye mishahara wanashindwa kusema kilo ngapi zimeingia Jumatatu. Wewe uliandika, ukalinganisha, ukaona tatizo, ukapata sababu, ukapendekeza dawa, na dawa ikatumika. Kazi ya mtu wa sayansi ya chakula ni hiyo hiyo, ila yeye ana maabara na koti jeupe.

Mahafali zetu zina utaratibu wake, wala siulaumu. Mgeni rasmi ana haraka, risala ni ndefu, kuna ngonjera na maonyesho ya masomo, na zawadi zinakwenda kwa kinachopimika kwa alama au kwa magoli. Hakuna anayetoa cheti cha maharage kutooza. Lakini ndicho utakachomweleza baba mdogo, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara. Mtu wa duka la vipuri anajua daftari la stoo ni nini. Mwambie hivyo hivyo, kwa hesabu, usimwambie "ndoto yangu". Neno ndoto limeshatumika sana kwenye maiki.

Twende kwenye deni, maana najua ndilo linalokufunga mdomo. Kuna watu watakuambia ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, kwa hiyo baba mdogo hakutoa kitu. Usiwasikilize. Nauli ya kwenda na kurudi bwenini, tranka, godoro, sare, michango, hela ya matumizi, na hiyo miaka yote kabla ya kidato cha tano, nani alitoa? Deni lipo. Ila soma tena maneno yake uliyoniandikia. Wewe ulisikia "Bugando". Mimi nimesikia "ili awe ananiona". Huyu ni mdogo wa marehemu baba yako, aliyekuchukua ukiwa darasa la tano. Inawezekana kabisa kinachomuuma si udaktari, ni wewe kwenda mbali. Sayansi ya chakula inafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ukimwambia kozi, mwambie na umbali, na mwambie likizo utazimalizia kwa nani. Usimwache aligundue mwenyewe.

Kwa utaratibu wa kwetu, hayo hayaanzii kwake. Barua yako ni ndefu, lakini mama yako nimemwona akianika dagaa tu. Hujaniambia kama anajua. Anza naye, jioni hii hii. Akikubali, muombe aende nawe Mwanza, au ampigie shemeji yake simu kwamba binti ana neno anakuja. Panda meli, nenda dukani kwake wakati wateja wamepungua, au nyumbani baada ya chakula. Umsalimie, umshukuru kwanza na umshukuru kwa vitu vyenye majina, kisha umwambie: "Baba, siku ile kwenye maiki nilisema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Nimeona nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine." Kwenye kundi la WhatsApp usiandike chochote. Kule atalazimika kukujibu mbele ya mashangazi na wajomba, na mwanaume akiulizwa mbele ya ukoo hujibu kwa cheo chake. Waache wakuite Dokta. Watazoea jina jingine.

Atakuuliza: hiyo kozi inakupeleka kazi gani? Usiende mikono mitupu. Kama alikuwa Mwanza mwaka 1999, mkumbushe Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya sumu zilizokuwa zinatumika kuvulia. Viwanda vya minofu ya sangara viliyumba, na mji mzima ukahisi. Mwenye duka hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba chakula kisipopimwa, pesa haiji. Maabara ya kupima ubora wa samaki iko hapo hapo Nyegezi. Shughuli za usalama wa chakula ziko TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, baada ya kutolewa kwenye iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kuna viwanda vya unga, vya maziwa, vya juisi. Na kuna mama yako na wenzake, ambao chanja nzuri ya kukaushia na ufungashaji mzuri vinaweza kuwatoa kwenye mchanga. Sikudanganyi kwamba ajira zinakungoja mlangoni. Hata madaktari wapo wanaozisubiri. Mwambie hivyo pia, atakuheshimu.

Kuna wanaokushauri, najua wapo, ujaze udaktari kumridhisha mzee kisha ubadilishe ukishafika chuoni. Mimi sikubaliani nao. Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kubadilisha katikati kunategemea nafasi, alama na mkopo, na mara nyingi kunakula mwaka. Halafu utakuwa umedanganya mara mbili, na mara ya pili hapana maiki ya kusingizia.

Akikataa? Anaweza kukataa, na akanyamaza siku mbili. Mwache anyamaze, usijibishane. Rudi Ukerewe, mwachie mama aendelee. Watu wa umri wake hubadili mawazo wakiwa peke yao, si mbele ya mtoto. Na vyuo unaomba mwenyewe, kwa jina lako, kwa hiyo hakuna atakayekufungia mlango. Ila nisingependa ufike huko bila baraka yake, na sidhani itafikia hapo. Matokeo yakiwa madogo, bado iko FETA, chuo cha uvuvi, yenye kampasi Nyegezi, chini ya macho ya baba mdogo kabisa. Wala si aibu kuanzia stashahada.

Sasa makaratasi, maana JKT haikungojei. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na maombi ya vyuo na ya mkopo huangukia miezi hiyo hiyo, wewe ukiwa Rwamkoma unakimbia mchakamchaka bila simu. Wengi huchelewa hapo, kisha wanalaumu Bodi ya Mikopo. Kabla hujaondoka, hakikisha cheti chako cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wanaosajili vizazi na vifo. Na cheti cha kifo cha baba pia, mwanangu, usikisahau. Muombaji aliyefiwa na mzazi anatakiwa akionyeshe, na bila uhakiki ni kama hujasema kitu. Kama hakikuwahi kuchukuliwa, na familia nyingi za kwetu hazikuchukua, hilo ndilo la kwanza kushughulikia, kwa sababu linaweza kuchukua muda kuliko unavyodhani. Andika namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kama unayo, picha za pasipoti, na jina la mdhamini. Weka vyote kwenye bahasha moja, umwachie mtu mmoja anayejua kutumia intaneti na asiyesahau. Usimwachie ndugu anayesema "nitumie tu kwenye simu".

Mdhamini wa mkopo, ukiniuliza mimi, ni baba mdogo. Ukimwomba hilo siku hiyo hiyo, baada ya kumwambia ukweli, ataona kwamba hujaja kumwondoa kwenye habari yako.

Basi la Mwanza kwenda Mara lisikukute hujaonana naye.

Shangazi