Jibu: Ni Yusra Mardini, yule muogeleaji wa Syria, peke yake aliyeivuta ile boti ya wakimbizi?
Hapana ndugu yangu, hakuwa peke yake. Agosti 2015 injini ilipozima baharini kati ya Uturuki na kisiwa cha Lesbos cha Ugiriki, dada yake Sara naye alijitosa majini, pamoja na abiria wengine wawili. Hawa mabinti walikua wakiogelea huko Damascus, baba yao akiwa ndiye kocha. Wakafika Berlin, na baadaye kila mmoja akashika njia yake: Yusra akaenda Rio 2016 na timu ya wakimbizi, Sara akarudi Lesbos kuwapokea wakimbizi wanaoshuka pwani, akakamatwa 2018 na kusota rumande zaidi ya siku 100. Sara hatajwi sana. Nadhani ni kwa sababu Olimpiki inauzika kuliko rumande.