Viana do Castelo: anza na meli, kisha samaki

Kwa kuwa umeuliza uanzie wapi mjini Viana do Castelo, kaskazini mwa Ureno, nakushauri kwanza upande meli ya Gil Eannes, iliyojengwa hapo hapo mwaka 1955 iwe hospitali ya wavuvi waliokuwa wakivua samaki aina ya kodi katika bahari za Newfoundland na Greenland. Ilikuwa na chumba cha upasuaji, ikawapelekea wavuvi barua na vyakula, na sasa ni jumba la makumbusho. Ukikumbuka kwamba wengi wao walivua kila mtu peke yake ndani ya mashua ndogo, kati ya ukungu na barafu, utamla bacalhau kwa heshima anayostahili: huyo ndiye kodi aliyetiwa chumvi na kukaushwa kama ng'onda wetu, ambaye ni lazima alowekwe na kubadilishiwa maji kabla ya kupikwa.

Ukiweza, fika tarehe 20 Agosti, wavuvi wanapoipeleka sanamu ya Bikira Maria, aitwaye hapo Mama Yetu wa Agonia, baharini kwa mashua, baada ya wakazi wa mtaa wao wa Ribeira kukesha wakitandika barabarani mazulia ya chumvi ya rangi.