Kuvuka mchanga kwa miguu hadi Lindisfarne

Umeuliza kama saa za kuvuka zinazotangazwa kwa ajili ya Lindisfarne, kisiwa kilicho kaskazini-mashariki mwa Uingereza ambacho njia zake hufunikwa na bahari maji yanapojaa, zinamfaa pia anayekwenda kwa miguu. Hazimfai, na nakusihi usizitegemee: saa hizo zimepangwa kwa magari yanayopita kwenye barabara iliyofunguliwa mwaka 1954, ilhali Njia ya Mahujaji, yenye urefu wa takribani kilomita 5 na inayofuata mstari wa nguzo ndefu, hupita kwenye mchanga na matope ambamo mtu hutembea polepole, mara nyingi akiwa amevua viatu. Anza maji yakiwa bado yanakupwa, ili uwe umefika kisiwani kabla hayajaanza kujaa, na siku ya ukungu usiende kabisa. Vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo njiani ni vya kujiokolea tu. Ukifika, anzia kwenye magofu ya nyumba ya watawa ya karne ya 12, kwa kuwa kisiwani humo ndimo Aidan, mtawa aliyetoka Iona, kisiwa cha Uskoti, alimoanzisha monasteri mwaka 635, nayo ikashambuliwa na Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, mwaka 793. Kwa maoni yangu, magofu hayo yanastahili muda mwingi kuliko ngome iliyo kilimani.