Maswali ya Wasomaji: Miguu Inagoma Kwenye 180

SWALI: Ndugu wahariri, napiga dramu kwa pedali mbili za ngoma ya besi. Hadi mapigo 170 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, miguu inakwenda sawa. Nikifika 185 mapaja yanakakamaa. Wapigaji wa dethi metali ya kiufundi, muziki mzito wa roki wenye kasi kubwa, wanavuka 240. Je, wanabebwa na mashine?

JIBU: Tupige hesabu kwanza. Mapigo 240 kwa dakika ni manne kwa sekunde. Kwa noti nne kila pigo unapata noti 16 kwa sekunde, yaani 8 kwa kila mguu. Paja ni zito, halistahimili kupanda na kushuka hivyo kwa muda mrefu. Kazi hiyo ni ya kifundo cha mguu, nawe bado unainua mguu mzima.

Kati ya 170 na 200 ndipo wengi hukwama: paja limechelewa, na kifundo kisichozoea huuona mwendo huo kuwa wa polepole mno. Kwa hiyo anzia juu, ushuke. Kaa nyonga zikiwa juu kidogo ya magoti. Rudisha nyayo nyuma kama sentimita 3 kwenye kibao cha pedali, visigino viinuke kidogo. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 200, piga noti 5 tu kwa kupokezana miguu, pumzika mapigo matatu, rudia. Zikisikika sawasawa, nenda 9, kisha 17. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Noti 17 zikikaa vizuri, shuka hadi 190, halafu 180, kwa mwendo uleule wa kifundo.

Nyundo ya pedali inayogonga ngoma ikichelewa kurudi, kaza springi yake nusu mzunguko tu. Ukizidisha, misuli ya mguu itaungua mapema. Usiiache nyundo ikibonyea kwenye ngozi ya ngoma, unapoteza mrudisho. Misuli kuwaka moto ni kawaida, lakini maumivu makali ya kuchoma kwenye kano yana maana moja: acha siku hiyo.

Mashine unayoulizia ni triga, kihisi kinachofungwa kwenye ukingo wa ngoma ya besi. Husawazisha sauti ya kila pigo, basi. Haiongezi mwendo, na noti iliyopotoka huianika wazi zaidi.

SWALI: Nianze na albamu gani?

JIBU: Human ya bendi ya Death wa Florida, 1991. Miguu ya mpigaji dramu Sean Reinert inasikika noti kwa noti. Kisha None So Vile ya Cryptopsy wa Montreal, 1996: msikilize mpigaji dramu wao Flo Mounier, hasa anavyobadili mwendo katikati ya kasi.