Ufa unaofunguka kiangazi

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nyumba yangu ya chini ina miaka mitano. Kwenye kona ya dirisha la chumba cha nyuma kuna ufa unaopanda mshazari hadi karibu na paa. Fundi ameuziba mara tatu. Kiangazi unafunguka, mvua zikikolea unajifunga hata ukucha haupiti. Sasa fundi anataka tuchimbe tuongeze nguzo za zege pembeni. Kiwanja ni udongo mweusi. Nimkubalie? Na huo udongo tutakaochimba, naweza kuufyatulia matofali?

JIBU: Marahaba. Usimkubalie, angalau si mwaka huu. Ukuta ulioelemewa na mzigo haujirudi wenyewe mvua zikinyesha. Wako unajirudi, kwa hiyo tutafute maji kabla ya kutafuta nondo.

Udongo mweusi wa namna hiyo mara nyingi una madini yaitwayo montimoriloniti, ambayo yamepangana matabaka membamba mno, kama kurasa. Maji yakiingia kati ya kurasa udongo unavimba, yakitoka unasinyaa. Chini ya sakafu, katikati ya nyumba, jua halifiki na unyevu hautoki. Kunakokauka ni pembeni. Kona inashuka, katikati inabaki ilipo, ukuta unachanika. Nakisia ufa wako ni mpana zaidi juu kuliko chini. Kama ni kinyume chake, niandikie tena, maana hapo nyumba inapinda kwa namna nyingine.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chota udongo kutoka usawa wa msingi, ukaushe, uponde, uchekeche kwa chekecheo laini. Pima mililita 10, uzimimine taratibu kwenye silinda ya kupimia yenye maji, ujaze hadi 100, kisha uache mpaka kesho yake. Udongo ukisimama chini ya 15, kwa kawaida hausumbui. Ukifika 20, umevimba kwa asilimia 100, na hapo tumempata mbaya wetu. Mara ya kwanza nilipoufanya mtihani huu nilimgombeza msaidizi wa maabara, nikidhani ameongeza udongo usiku kunitania.

Nguzo za fundi wako zitasimama juu ya udongo uleule, na udongo huo ukivimba unaweza kusukuma kwa nguvu kuliko uzito wa ukuta wa nyumba ya chini. Nayajua haya kwa aibu. Nikiwa kijana niliagiza nguzo mbili nene kwenye nyumba yenye ufa kama wako. Mwaka uliofuata ufa ulirudi, safari hii shubiri moja kando ya nguzo yangu mpya. Tulipochimba tulikuta bomba la bafu linavuja polepole ndani ya msingi. Kazi ya siku moja ya fundi bomba! Na saruji ile yote ilikuwa imekwisha kumwagwa, saruji ambayo utengenezaji wake duniani unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Basi chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, upime umbali wake kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima, na tarehe uandike palepale ukutani. Wakati huohuo kagua mabomba. Maji ya paa yapokelewe kwa gata na yapelekwe mbali. Zungushia nyumba jamvi, yaani sakafu ngumu ya nje, la upana wa mita moja na nusu hivi, lenye mwinamo wa kutoka ukutani kwenda nje. Na kama kuna mti mkubwa karibu na ile kona, huo nao unakunywa. Usiukate kwa pupa kabla hujaniambia, kwani mti ukitoweka ghafla udongo hurudisha maji na kuinua ukuta.

Matofali, hapana. Udongo huo wa mfinyanzi utapasuka ukikauka. Matofali ya udongo yanayoimarishwa kwa saruji kidogo yanataka udongo wenye mchanga mwingi. Ulio nao unaelewana zaidi na chokaa. Ukichanganya asilimia 4 hadi 8, kalisi yake huzishika zile kurasa zisivimbe ovyo. Ufanye kuwa kifusi cha kushindilia chini ya jamvi, ila vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza.

Mwakani niletee vipimo. Ufa ukiwa bado unacheza baada ya hayo yote, itabidi udongo upimwe kitaalamu, tujue unyevu unabadilika hadi kina gani, ndipo tuzungumzie msingi.