Maswali yenu: nyota za nyutroni zinazopiga na kunyamaza

Tunasoma kwamba pulsa, yaani nyota za nyutroni (viini vizito mno vya nyota zilizolipuka) zinazotutumia pigo la redio kila zinapozunguka, hupiga bila kukosa. Hizi zenye kigeugeu zinakuwaje?

Nyota yenyewe haina kigeugeu; inazunguka sawasawa. Kinachokatika ni mapigo ya redio. Mwaka 2006, kundi lililoongozwa na Maura McLaughlin lilitangaza nyota 11 za aina hii, zilizopatikana katika data za darubini ya Parkes, Australia. Pigo moja hudumu milisekunde 2 hadi 30, kisha kimya cha dakika 4 hadi saa 3.

Pulsa ya kwanza iligunduliwa 1967. Mbona hizi zilichelewa hivyo?

Programu zilikuwa zikitafuta kinachojirudia: zinajumlisha mizunguko mingi mpaka pigo dhaifu lijitokeze kwenye kelele. Nyota inayopiga mara moja katika mamia ya mizunguko humezwa humo humo. Ilibidi lisakwe pigo moja moja.

Kama inapiga kwa nadra, muda wa mzunguko mnaupataje?

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, maana ni hesabu ya shule ya msingi: kigawo kikubwa cha shirika. Kati ya pigo na pigo lazima ipite mizunguko kamili. Tuseme mapigo yameachana kwa sekunde 28, kisha 36, kisha 44. Namba zote zinagawanyika kwa 4, basi mzunguko ni sekunde 4, au sehemu kamili ya hizo, mathalani 2. Kila pigo jipya linapunguza shaka. Usidharau mapigo machache. Yakipimwa vizuri yanatosha.

Mnajuaje si rada au simu ya mtu?

Elektroni zilizotapakaa kati ya nyota huchelewesha mawimbi ya masafa ya chini kuliko ya juu. Pigo la mbali hufika limetawanyika hivyo. La hapa duniani kwa kawaida hufika masafa yote kwa mpigo.

Ikinyamaza, imekufa?

Hapana. Itazameni pulsa iitwayo PSR B1931+24: hupiga siku 5 hadi 10, hunyamaza siku 25 hadi 35, halafu hurudi. Ikiwa inapiga, mzunguko wake hupungua kasi kwa kiwango kinachozidi cha wakati wa kimya kwa takriban asilimia 50. Maana yake, chembe zenye chaji zinazotiririka kutoka kwenye uga wake wa sumaku ndizo zinazoichosha, na zikipungua, redio nayo hukatika. Kwa hiyo ninawasihi wanaoanza: msifute saa ambazo hamkusikia kitu. Ziandikeni pamoja na tarehe zake, kwani tofauti hiyo ya asilimia 50 isingepimika bila hizo.